Sabuni, ndimu na magadi: kinachogeuza rangi za mimea

Doa la mchuzi wenye kiungo cha manjano kwenye kanzu nyeupe ni la njano. Likipakwa sabuni ya mche, papo hapo linakuwa jekundu, na mfuaji asiyelijua jambo hili hudhani nguo imeharibika au sabuni ni mbovu. Akilikamulia ndimu, linarudi kuwa la njano. Akipaka sabuni tena, jekundu. Hakuna rangi iliyoongezwa hapo wala iliyotolewa. Kinachoingia na kutoka ni ioni ya hidrojeni, yaani protoni moja tu kwenye molekuli ya rangi.

Asidi ni kitu kinachotoa protoni hizo, alkali ni kitu kinachozichukua. Kipimo cha wingi wake ni pH, kilichobuniwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, S. P. L. Sørensen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Kipimo hiki kwa kawaida huenda kutoka 0 hadi 14, na 7 ndiyo katikati: chini yake ni asidi, juu yake ni alkali. Kila hatua moja ni mara kumi: maji ya ndimu yenye pH karibu 2 yana ioni za hidrojeni takriban mara 100,000 kuliko maji safi. Siki ya mezani iko karibu 2.4, maji ya mvua karibu 5.6, baking soda iliyoyeyushwa kwenye maji karibu 8.3, sabuni ya mche kati ya 9 na 10, magadi karibu 10, na maji ya chokaa hupita 12.

Molekuli yenye rangi huonekana hivyo kwa sababu inameza sehemu fulani ya mwanga na kuacha nyingine ifike machoni. Kurkumini, rangi iliyomo kwenye manjano, humeza mwanga wa bluu na urujuani, ndiyo maana tunaiona njano. Ikinyang'anywa protoni na sabuni, elektroni zake hupata nafasi zaidi ya kutembea, nayo huanza kumeza hadi mwanga wa kijani. Kinachobaki kwa macho ni wekundu. Badiliko hilo huanza pH inapopita 7 na huwa wazi kabisa karibu na 9.

Mpaka hapo ni rahisi. Tatizo huanza mtu anapochukua kanuni aliyokariri darasani, kwamba asidi huleta wekundu na alkali huleta bluu, na kuitumia kwa kila kitu. Manjano yamekwisha kuikanusha: yenyewe huwa mekundu kwenye alkali. Kanuni ile ni tabia ya litmasi, na litmasi ni rangi inayotengenezwa kutokana na viumbe vya jamii ya Roccella, ambavyo ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja juu ya mawe na magome ya miti. Kiumbe hicho kinahusu pwani yetu pia. Katika karne ya 19 kilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka Zanzibar kwenda Ulaya, ambako viwanda vilikigeuza kuwa rangi ya zambarau ya vitambaa kwa kukichachusha na amonia. Rangi za viwandani zilizoanza kutengenezwa baada ya 1856 ziliua biashara hiyo, lakini litmasi imebaki kwenye maabara za shule. Huwa nyekundu chini ya pH 4.5 na bluu juu ya 8.3, na katikati hapo ni zambarau isiyosema mengi.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe "hii ni asidi au alkali?" Liwe "hii ni rangi ya ukoo gani?" Mimea tunayokula na kupanda uani ina koo nne kubwa za rangi, na kila ukoo una sheria zake.

Rosela, kabichi ya zambarau na kitunguu chekundu

Ukoo wenye mambo mengi kuliko wote ni wa anthosianini. Ndio unaotia rangi rosela (wengine huiita choya), kabichi ya zambarau, ganda la kitunguu chekundu, matunda ya mzambarau, biringanya na maua mengi mekundu na ya bluu. Mwaka 1664 mwanasayansi Robert Boyle aliandika kwamba maji matamu ya maua ya urujuani huwa mekundu kwa asidi na kijani kwa alkali. Alichokuwa akikitazama ni anthosianini, ingawa jina hilo lilikuwa halijatungwa.

Anthosianini haina hali mbili tu kama manjano. Ina nne au zaidi. Chini ya pH 3 molekuli ina chaji chanya na ni nyekundu iliyokolea. Ikifika 4 hadi 5, molekuli nyingi hushikwa na maji na kupoteza rangi kabisa. Kati ya 6 na 8 zilizobaki hupoteza protoni na kuwa zambarau, kisha bluu. Juu zaidi, pete moja ya molekuli hufunguka na kuwa kitu cha njano. Kijani tunachokiona karibu na pH 10 si rangi ya pekee. Ni bluu na njano zikiwa pamoja kwenye glasi moja.

Hali ile ya pili, ya kupoteza rangi, ndiyo inayowachanganya wauza juisi. Mtu anapika rosela iliyokolea, anaiongeza maji ya kisima ili itoshe wateja, na juisi inapauka kupita kiasi cha maji aliyotia. Mteja anasema imechakachuliwa. Maji ya visima vingi yana bikaboneti, nayo hula asidi ya rosela na kuipandisha pH hadi pale molekuli zinapokosa rangi. Dawa yake ni ndimu moja kwa lita, si rangi ya dukani.

Kwa rosela inayobaki nyekundu, gramu 30 za rosela kavu kwa lita moja ya maji zinatosha. Chemsha dakika 5, funika, acha dakika 15, chuja. Kuchemsha saa nzima hakuongezi rangi, kunaivunja, na juisi huelekea kwenye kahawia. Tumia sufuria ya chuma kisicho na kutu, ya enameli, au chombo cha kioo. Rosela ina pH karibu 2.5, hivyo huila sufuria ya alumini polepole, na madini ya alumini na chuma hushikana na anthosianini yake na kuisogeza kwenye zambarau au bluu ya kijivu hata kama asidi haijapungua. Ukiona juisi imekuwa na rangi ya wino na hukutia chochote, mtuhumiwa wa kwanza ni sufuria.

Jaribu sasa kuongeza baking soda kwenye glasi ya rosela ya mililita 200. Robo kijiko cha chai cha kwanza kitatoa povu jingi na rangi haitahama sana. Si kwamba jaribio limeshindikana: asidi za rosela zenyewe zinaimeza soda kabla haijafika kwenye rangi. Endelea kidogo kidogo. Povu likipungua, wekundu utafifia, utakuja uzambarau mchafu, kisha bluu ya kijivu inayoelekea kijani. Kamulia ndimu mara moja na wekundu utarudi. Ila ukiiacha kwenye alkali kali kwa saa moja kabla ya kukamua, haurudi wote, kwa kuwa molekuli zilizofunguka huendelea kuvunjika. Manjano ya kwenye kanzu yanavumilia kurudi na kwenda, anthosianini inavumilia kwa muda mfupi tu.

Kabichi ya zambarau ni bora kuliko rosela kwa kupimia, kwa sababu haina asidi nyingi ya kwake na anthosianini zake ni imara zaidi. Kata gramu 100 nyembamba, mimina juu yake nusu lita ya maji yaliyochemka, acha dakika 15, chuja. Maji ya mvua ni mazuri kuliko ya bomba, ambayo mara nyingi yana alkali kidogo na yatakupa bluu tangu mwanzo. Weka vijiko viwili vya maji hayo kwenye kila glasi, glasi zikiwa juu ya karatasi nyeupe, kisha tia unachokipima kwa matone. Karibu na pH 2 utaona nyekundu, 4 waridi ya zambarau, 7 zambarau ya bluu, 8 hadi 9 bluu, 10 kijani, na kuanzia 12 njano. Anza na siki na ndimu, umalizie na sabuni, magadi na maji ya chokaa, na suuza kijiko kila mara, maana tone moja la magadi linatosha kuharibu glasi ya jirani.

Usipime kwa jiki. Rangi itapita kijani haraka na kisha itatoweka yote. Jiki ni alkali kweli, lakini pia ina klorini inayoiunguza molekuli ya rangi, kwa hiyo unachokiona si pH tena. Na kamwe usichanganye jiki na siki au ndimu ili kuona rangi gani itatoka: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Maji ya kabichi hudumu siku tatu hivi kwenye friji kabla ya kuchacha na kujitengenezea asidi. Ukitaka ya muda mrefu, yagandishe, au loweka karatasi nyeupe isiyong'aa, ikaushe kivulini, uikate vipande vya sentimita 1 kwa 5 na kuviweka kwenye chupa yenye mfuniko.

Jikoni ujuzi huu una kazi ya kila siku. Kabichi ya zambarau ikichemshwa kwa maji ya bomba hugeuka bluu isiyovutia kula, na kijiko kimoja cha siki kinachotiwa mapema huizuia. Kitunguu chekundu cha kachumbari kikikaa na ndimu na chumvi dakika 15 huwa cha waridi iliyoiva kuliko kilivyokatwa: chumvi imepasua chembe (seli) na kuitoa rangi, ndimu imeipandisha.

Kijani, na hesabu ya magadi

Klorofili ya mchicha, sukuma wiki, kisamvu na majani ya kunde ina atomi moja ya magnesi katikati. Joto linapozivunja chembe za jani, asidi zilizokuwa zimefungiwa ndani yake humwagikia klorofili. Protoni mbili huingia na magnesi hutoka. Kinachobaki huitwa feofitini, nacho kina rangi ya zeituni iliyochoka. Hili ni tofauti na yote yaliyotangulia kwa jambo moja zito: magnesi hairudi. Kutia magadi kwenye mboga iliyokwisha kuwa ya kahawia ni kupoteza magadi.

Ndiyo maana mpishi anayetaka kijani hushindana na muda. Maji mengi yaliyokwisha chemka huzimua asidi ya mboga, na sufuria iliyo wazi huruhusu asidi nyepesi ziondoke na mvuke badala ya kudondoka tena kutoka kwenye kifuniko. Mchicha unatosheka na dakika 3 hadi 5. Nyanya, ndimu na ukwaju viingie mwishoni, moto ukiwa umepungua. Nyanya ikitangulia, mboga itakuwa ya zeituni hata ukiipika kwa ustadi wote wa mikono yako.

Magadi hufanya kazi kwa sababu hunyakua protoni kabla hazijafika kwenye klorofili. Magadi ya kwetu, yanayochimbwa kutoka maziwa kama Magadi nchini Kenya, ni mchanganyiko wa asili wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Waluhya wa magharibi mwa Kenya hufikia jambo hilo hilo kwa munyu musherekha, maji yaliyochujwa kwenye majivu ya mimea, ambayo alkali yake ni ya potasiamu zaidi. Kwenye alkali, klorofili hubaki na magnesi yake lakini hukatwa mkia wake wa mafuta, ikawa inayeyuka kwenye maji. Ndiyo sababu supu ya mboga yenye magadi nayo huwa ya kijani.

Gharama yake ipo. Alkali hulegeza kuta za chembe, kwa hiyo jani laini huwa uji. Vitamini C na B1 huharibika haraka zaidi, sodiamu huongezeka, na yakizidi mboga huwa na ladha ya sabuni. Robo kijiko cha chai kwa lita ya maji inatosha. Kwa mrenda, majani ya kunde yaliyokomaa na mboga kavu, ambako ulaini wenyewe ndio unaotafutwa, magadi yana haki yake. Kwa mchicha mchanga na spinachi hayana kazi ya kufanya. Mboga hizo zinalainika zenyewe, na anayeyatia anauza vitamini kununua rangi ambayo dakika chache za moto mkali zingempa bure.

Zisizotii ndimu

Chukua ua jekundu la haibiskasi na ua la bogenvilia la rangi ile ile kutoka bustani moja. Saga kila moja na maji kidogo, gawa sehemu mbili, kamulia ndimu upande mmoja na tia soda upande mwingine. Haibiskasi itahama pande zote mbili. Bogenvilia haitahama kwa ndimu na itahama kidogo sana kwa soda. Bogenvilia, kiazi sukari chekundu cha saladi (bitiruti) na mchicha mwekundu zina ukoo mwingine wa rangi, betalaini, na hakuna mmea hata mmoja uliopatikana kuwa na betalaini na anthosianini kwa pamoja. Betalaini hutulia kati ya pH 3 na 7, na huwa njano kwenye alkali kali tu. Adui yake hasa ni joto. Bitiruti iliyopauka kwenye sufuria haikuhitaji ndimu, ilihitaji moto mfupi na kupikwa ikiwa na maganda.

Karotenoidi, yaani rangi za karoti, mawese, embe, papai na nyanya, hazijali kabisa. Molekuli zake hazina protoni ya kutoa wala mahali pa kuipokea kwenye sehemu inayomeza mwanga. Wekundu wa Ziwa Natron nao ni wa jamii hii. Watu wengi huamini magadi yenyewe ndiyo mekundu au ndiyo yanayogeuza maji, kumbe ni vijidudu vinavyopenda chumvi na vyenye karotenoidi mwilini.

Chai ya rangi hutii, ila kwa unyonge. Rangi za kahawia za majani yaliyochachuliwa ni asidi dhaifu, na zikiwa zimeachia protoni huwa nyeusi zaidi. Kipande cha ndimu huzirudishia protoni na chai hupauka kwenye kikombe ndani ya sekunde. Haijawa nyepesi: kilichokuwemo bado kimo. Kwa sababu hiyo hiyo, majani yale yale hutoa chai nyeusi zaidi kwenye maji ya kisima yenye chumvichumvi kuliko kwenye maji ya mvua.

Kisha kuna ua la haidrenjia, ambalo hupindua kila kitu. Ni anthosianini, lakini huwa la bluu kwenye udongo wa asidi, chini ya pH 5.5 hivi, na la waridi kwenye udongo wa pH 6.5 na kuendelea. Asidi ya udongo haifiki kwenye petali. Inachofanya ni kuyeyusha alumini iliyomo udongoni ili mizizi iinywe, na alumini ikifika kwenye ua hushikana na anthosianini na kuifanya bluu. Ni jambo lile lile la sufuria ya rosela, likitokea ndani ya mmea.

Turudi kwenye manjano

Karatasi ya kupimia alkali hutengenezwa kwa kijiko kimoja cha chai cha manjano katika mililita 50 za spiriti. Maji hayafai, kwa sababu kurkumini karibu haiyeyuki ndani yake. Tikisa, acha dakika 10 mbali na moto, chuja, chovya karatasi, kausha gizani. Itakuambia kama sabuni ya kunawia uso ina alkali kali au la. Haitakuambia chochote kuhusu siki, maana kwenye asidi na kwenye maji safi ni njano ile ile.

Doa la kanzu nalo: lifue kwa sabuni bila kujali wekundu, kwa kuwa kurkumini iliyopoteza protoni huyeyuka majini vizuri zaidi na ndipo inapotoka. Suuza, kisha suuza tena kwa maji yenye vijiko viwili vya chakula vya siki kwa lita. Njano itakayobaki ianike juani ikiwa mbichi. Mwanga wa jua huivunja kurkumini, na saa chache za jua la mchana hufanya kazi ambayo kusugua hakufanyi.

Kuna wanaotia rangi ya kiwandani iitwayo metanili njano kwenye manjano ya unga ili yang'ae, na rangi hiyo hairuhusiwi kwenye chakula. Hiyo nayo ni kipima pH: ni njano juu ya 2.3 na nyekundu ya urujuani chini ya 1.2. Maabara huinasa kwa matone ya asidi ya hidrokloriki kali. Manjano halisi nayo yanaweza kuona haya kidogo kwenye asidi kali hivyo, lakini uwaridi huo hutoweka maji yakiongezwa, ilhali wa metanili hubaki. Asidi hiyo inahitaji glavu na miwani, si ya kuchezewa jikoni, na ndimu haiwezi kuchukua nafasi yake: pH yake ya 2 na ushee haishuki mpaka pale metanili inapogeuka kabisa. Unga uliobaki njano baada ya kukamuliwa ndimu haujathibitishwa kuwa safi.